Kadi mpya ya michoro si dawa ya kila video inayokwama jukwaani

SKRINI inapoganda katikati ya tamasha, hadhira haiulizi ni kifaa gani kilichofeli. Wote humgeukia anayeendesha video. Dijei akikosa wimbo huweza kushika kipaza sauti na kuwachangamsha watu huku akiutafuta mwingine, lakini picha iliyosimama ghafla kwenye ukuta mzima haina pa kufichwa.

Kwa sababu hiyo, wengi wa wanaoonyesha video katika tamasha za muziki, harusi, makanisa na mikutano ya hadhara hukimbilia madukani mara tu tarakilishi zao zinapoanza kusuasua. Kifaa wanachokitafuta ni kadi ya michoro, ambayo mafundi wengi huiita kadi ya grafiki. Aghalabu kadi hii huwa ghali kuliko kifaa kingine chochote kilichomo ndani ya tarakilishi.

Hata hivyo, si ajabu fedha hizo kutumika zote na video ikaendelea kukwama vilevile. Picha hupitia vituo kadhaa kabla ya kufika kwenye skrini, na kadi ya michoro ni kimoja tu cha vituo hivyo. Anayetaka kuibadilisha hana budi kwanza kujua msongamano uko wapi.

Safari ya picha

Nchini Kenya, jina la vijei limezoeleka kutokana na mseto wa video za nyimbo unaochezwa katika matatu, vilabuni na kwenye runinga. Katika maonyesho ya moja kwa moja, kazi ya vijei ni zaidi ya kufungua video moja baada ya nyingine. Huweka video mbili, tatu au zaidi juu kwa juu kama matabaka, akazibadilisha rangi, akazipunguza mwendo, akazirudisha nyuma na kuzichanganya na picha za kamera iliyomo ukumbini. Programu kama vile Resolume, VDMX na Isadora ziliundwa mahsusi kwa shughuli hiyo.

Ili hayo yote yawezekane, faili ya video husomwa kwanza kutoka kwenye diski. Kwa kuwa video huhifadhiwa ikiwa imebanwa ili isichukue nafasi kubwa, lazima ifunguliwe tena, na mara nyingi mzigo huo huibebwa na prosesa. Kisha picha hupelekwa katika kumbukumbu ya kadi ya michoro. Hapo ndipo kadi huyaunganisha matabaka, huongeza madoido na kuituma picha iliyokamilika kwenye projekta au skrini za LED.

Muda wa kufanya kazi hiyo ni mfupi mno. Skrini inayobadilisha picha mara 60 kwa sekunde huiachia tarakilishi takriban milisekunde 16.7 kwa kila fremu. Kituo kimoja kikichelewa kuliko hapo, fremu hukosa nafasi yake na macho ya watazamaji huona mruko. Hapo haijalishi ni kituo gani kilichochelewa, kwa maana matokeo yake kwenye skrini hufanana.

Kupima kabla ya kununua

Kwa bahati nzuri, kumtambua mkosaji hakuhitaji vifaa vya gharama. Katika Windows 10 na Windows 11, programu ya Task Manager huonyesha jinsi prosesa, diski na kadi ya michoro zinavyotumika wakati kazi inaendelea. Jambo la msingi ni kupima hatua kwa hatua, huku jambo moja tu likiongezwa kila mara.

Hatua ya kwanza ni kucheza video moja pekee bila madoido yoyote. Ikikwama hata hapo, huenda kasoro iko katika aina ya faili au kasi ya diski, na si vyema kuilaumu kadi. Hatua ya pili ni kuongeza matabaka moja baada ya jingine. Endapo prosesa itafikia kikomo ilhali kadi imetulia, mzigo uko katika kuzifungua video zilizobanwa.

Hatua ya tatu ni kuongeza madoido, kisha skrini ya pili na ya tatu. Iwapo ni hapa ambapo video inaanza kuruka, na kipimo cha kadi kimekaribia asilimia 100, basi msanii ana sababu ya kweli ya kutafuta kadi yenye nguvu zaidi.

Tahadhari moja inafaa hapa. Prosesa za kisasa huwa na viini vingi, na kipimo cha jumla huweza kuonyesha asilimia 25 pekee ilhali kiini kimoja kati ya vinne kimeshazidiwa. Ni heri kutazama kipimo cha kila kiini kivyake.

Dawa isiyo na gharama

Mara nyingi uchunguzi huo hubainisha kwamba tatizo ni namna video zilivyobanwa. Video nyingi zinazopigwa kwa simu na kamera, au kupakuliwa kutoka kwenye intaneti, zimebanwa kwa mfumo wa H.264, uliopitishwa mnamo 2003. Mfumo huo hupunguza ukubwa wa faili kwa kuhifadhi fremu chache tu zikiwa kamili. Fremu nyingi zinazobaki hubeba tu mabadiliko yaliyotokea ikilinganishwa na fremu nyingine.

Mbinu hiyo humfaa sana mtu anayetazama filamu kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa vijei, ni kikwazo. Anaporuka ghafla hadi katikati ya video au kuirudisha nyuma, tarakilishi hulazimika kuitafuta fremu kamili iliyotangulia, kisha kuyajenga upya mabadiliko yote hadi kufikia picha inayotakiwa. Akifanya hivyo katika matabaka manne kwa wakati mmoja, hata prosesa nzuri huhema.

Ndiyo maana iliundwa mifumo mahsusi kwa maonyesho, kama vile DXV wa watengenezaji wa Resolume, na HAP uliotolewa mnamo 2013 na ambao huruhusiwa kutumiwa na yeyote bila malipo. Katika mifumo hii kila fremu huhifadhiwa ikiwa kamili, tena kwa umbo ambalo kadi ya michoro huweza kulifungua yenyewe. Prosesa hubakiwa na kazi ndogo. Programu ya bure ya FFmpeg huweza kuzigeuza video za H.264 ziwe za HAP.

Nafuu hiyo nayo ina gharama zake, kwani faili huwa kubwa. Fremu moja ya HAP ya kawaida yenye pikseli 1920 kwa 1080 huchukua takriban megabaiti moja kabla ya kubanwa zaidi. Kwa fremu 30 kwa sekunde, video moja huweza kuhitaji megabaiti 31 kila sekunde, na matabaka manne yakahitaji karibu megabaiti 125.

Diski za zamani zenye sahani inayozunguka husoma kwa wastani wa megabaiti 100 hadi 150 kwa sekunde zinapoisoma faili moja kwa mfululizo, na kasi hiyo huporomoka zinapolazimika kurukaruka baina ya faili nne. Diski ya SSD ya kawaida hupita megabaiti 500. Basi kwa vijei ambaye video zake ziko kwenye diski ya zamani, SSD huweza kuleta tofauti kubwa kuliko kadi mpya, na kwa bei ya chini zaidi.

Kumbukumbu ya kadi

Endapo vipimo vimethibitisha kwamba kadi ndiyo iliyozidiwa, swali linalofuata ni kadi ipi inafaa. Wengi hutazama namba iliyo katika jina lake, wakidhani kwamba jipya hushinda la zamani kwa kila jambo. Dhana hiyo si sahihi. Toleo la kwanza la kadi ya NVIDIA GeForce RTX 3060 lililoingia sokoni mnamo 2021 lina kumbukumbu ya gigabaiti 12, ilhali RTX 4060 iliyoifuata mnamo 2023 ina gigabaiti 8.

Kwa vijei, kumbukumbu ina uzito mkubwa kwa sababu kila tabaka na kila doido huhitaji mahali pa kuweka picha zake. Fremu moja isiyobanwa ya pikseli 1920 kwa 1080 huchukua takriban megabaiti 8.3. Ile ya 4K, yenye pikseli 3840 kwa 2160, huchukua mara nne ya hizo. Kumbukumbu ikijaa, kadi huanza kuazima nafasi katika kumbukumbu ya tarakilishi, ambayo iko mbali zaidi nayo, na mwendo hudorora papo hapo.

Kwa makadirio, kadi yenye gigabaiti 4 humtosha anayeonyesha matabaka machache kwenye skrini moja au mbili za ukubwa wa kawaida. Anayetumia 4K, au anayeunganisha projekta tatu ziwe picha moja pana, hana budi kuanzia gigabaiti 8. Mabadiliko haya yamekuja kwa kasi. Kadi ya GeForce 256 ilipozinduliwa mnamo 1999, ilikuja kwa kawaida na megabaiti 32 tu.

Umeme na nafasi

Baada ya hapo, mnunuzi sharti afungue tarakilishi yake na kuitazama kwa ndani. Kadi za leo huchomekwa kwenye nafasi ndefu ya PCI Express katika ubaomama, mfumo ulioanza kuenea mnamo 2004. Kabla yake palikuwa na mfumo wa AGP, na kadi ya mfumo mmoja haiwezi kuingia katika nafasi ya mwingine.

Suala la nafasi ni nyeti hasa hapa nchini, ambako tarakilishi nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu ni zile zilizotumika katika ofisi za ng'ambo. Baadhi zina sanduku jembamba lisiloweza kupokea kadi ya kimo cha kawaida. Zinahitaji kadi fupi, na machaguo ya kadi za aina hiyo ni machache. Ni busara kupima kwa rula urefu, kimo na unene wa nafasi iliyopo kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Kikwazo kingine ni umeme. Nafasi ya PCI Express huweza kuipa kadi wati 75 pekee. Kadi inayohitaji zaidi ya hapo huletewa umeme kwa waya maalum. Kichwa cha waya chenye pini sita huongeza wati 75, na kile cha pini nane wati 150. Kadi kama GTX 1650 ya mwaka 2019, yenye gigabaiti 4, iliundwa kutumia wati 75, na nyingi za aina hiyo hazihitaji waya wa ziada. RTX 3060 hutumia wati 170.

Mathalan, tarakilishi ya ofisi yenye kigawa umeme cha wati 240 haiwezi kuibeba RTX 3060. Kadi pekee ingemeza wati 170, prosesa ikachukua 65 au zaidi, na hapo diski, feni na ubaomama havijahesabiwa. Mtengenezaji wa kadi hiyo hupendekeza kigawa umeme cha wati 550. Kwa bahati mbaya, tarakilishi nyingi za ofisi hutumia vigawa umeme vyenye umbo na vichwa vya waya vya pekee, hivi kwamba kile cha kawaida cha dukani hakiingii.

Anayekutana na hali hiyo ana njia mbili. Anaweza kuchagua kadi isiyohitaji waya wa ziada, au aanze upya na sanduku kubwa. Kulazimisha kwa kuunganisha waya za kubahatisha ni kualika moto.

Matundu ya skrini

Vijei hutofautiana na mchezaji wa michezo ya video kwa kuwa huhitaji skrini kadhaa kwa pamoja. Moja ni ya kwake yeye ya kuongozea kazi, na nyingine ni za hadhira. Kadi nyingi za kisasa huendesha skrini nne kwa wakati mmoja, lakini ni muhimu kuhesabu matundu ya HDMI na DisplayPort yaliyo mgongoni mwa kadi na kuyalinganisha na projekta zilizopo.

Kosa moja hujirudia mara nyingi. Kadi mpya hufungwa vyema, kisha waya wa projekta ukarejeshwa katika tundu la zamani la ubaomama. Hapo picha hutoka kupitia kijisehemu cha michoro kilichomo katika prosesa, na kadi iliyonunuliwa kwa bei ghali hubaki bila kazi ya maana. Waya zote za skrini zinafaa kuchomekwa kwenye kadi mpya.

Aidha, ni vyema skrini zote za hadhira ziwekwe katika mpigo mmoja, uwe wa mara 50 au 60 kwa sekunde. Zikitofautiana, picha huweza kuonekana kana kwamba imekatwa kwa wembe katikati au kurukaruka hata kama kadi ina nguvu tele.

Vipakatalishi

Wanaotumia vipakatalishi wako katika hali tofauti. Katika vingi vya vifaa hivyo, kadi ya michoro imeunganishwa moja kwa moja kwenye ubaomama na haiwezi kubadilishwa. Fundi anayeahidi kuibadilisha apasa kuulizwa maswali mengi.

Baadhi ya vipakatalishi huwa na sehemu mbili za michoro, ndogo ya kuokoa betri na kubwa ya kazi nzito. Windows huweza kuipeleka programu ya vijei kwenye ile ndogo bila mwenyewe kujua. Mipangilio ya michoro katika Windows 10 na 11 humwezesha mtumiaji kuiamuru programu fulani itumie ile kubwa. Vipakatalishi vyenye tundu la Thunderbolt huweza pia kuunganishwa na kadi iliyo katika sanduku la nje, ingawa sehemu ya kasi yake hupotelea njiani.

Kadi kuukuu na bandia

Bei huwasukuma wengi kununua kadi zilizotumika. Kadi nyingi za namna hiyo ziliingia sokoni baada ya Septemba 2022, wakati mtandao wa sarafu ya kidijitali ya Ethereum ulipoacha kutumia kadi za michoro katika uchimbaji wake. Kadi iliyofanya kazi usiku na mchana si lazima iwe mbovu, lakini feni zake huenda zimechoka, na gundi ya kupitishia joto ikawa imekauka.

Hatari kubwa zaidi ni kadi bandia. Walaghai huchukua kadi ya kale, wakabadilisha programu iliyomo ndani yake ili ijitangaze kuwa ya kisasa. Tarakilishi huusadiki uongo huo na kuonyesha jina jipya. Tangu 2018, programu ya bure ya GPU-Z imekuwa na uwezo wa kutambua kadi nyingi za aina hiyo. Muuzaji mwaminifu, awe Luthuli Avenue jijini Nairobi au kwingineko, hatakataa kadi yake ijaribiwe kwa muda mbele ya mnunuzi.

Kuifunga

Kazi ya kuifunga kadi haichukui muda mrefu. Draiva ya kadi ya zamani huondolewa kwanza, hasa iwapo mnunuzi anahama kutoka kampuni moja kwenda nyingine. Tarakilishi huzimwa, waya wa umeme ukachomolewa ukutani, na fundi akagusa chuma cha sanduku ili kuondoa umeme tuli mwilini mwake. Kadi hushikwa kwa kingo zake, husukumwa hadi kishikizo cha nafasi kilie, kisha hukazwa kwa skrubu. Mwisho, waya za ziada za umeme huunganishwa hadi mwisho wa vichwa vyake. Kichwa kilicholegea huweza kupata joto hadi kuyeyuka.

Kadi ya zamani haifai kuuzwa siku hiyohiyo. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na kadi ambayo haijathibitishwa jukwaani bado ni msala upitao.

Jaribio la kweli

Kadi inayofanya vizuri kwa dakika tano nyumbani haijathibitisha lolote. Onyesho huweza kuendelea kwa saa tatu au nne, pengine ndani ya hema wakati wa jua kali, huku vumbi likivutwa na feni. Joto linapopita kiwango kilichowekwa na kiwanda, kadi hujipunguzia kasi ili isiungue, na hapo ndipo video huanza kuruka bila sababu inayoonekana.

Kwa hivyo jaribio sharti lifanane na kazi yenyewe. Matabaka yote, madoido yote na skrini zote ziwashwe kwa saa zilezile za onyesho, huku joto la kadi likifuatiliwa. Sasisho za Windows ziahirishwe, ujumbe wa ghafla uzimwe, na tarakilishi izuiwe kulala. Draiva iliyopita jaribio hilo isiguswe tena hadi shughuli ikamilike, hata kama mpya imetangazwa.

Mahali ambapo umeme hukatika au jenereta huyumba, kifaa cha UPS huipa tarakilishi dakika chache za kuvuka hitilafu. Vilevile, kipakatalishi cha pili chenye video moja ya akiba, kikiwa kimeunganishwa tayari kwenye kibadilisha picha, huweza kuokoa usiku mzima. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, almuradi mhunzi amebeba koleo jingine.

Anayefuata mpangilio huu huenda akagundua kwamba hakuhitaji kadi mpya, bali faili zilizobanwa vyema na diski yenye kasi. Huenda pia akathibitisha kwamba kadi yake kweli imezidiwa. Katika hali zote mbili, ataingia dukani akiwa na vipimo mkononi, na ataingia ukumbini akijua ni wapi mitambo yake hufikia kikomo.